Imesomwa, Ameweza

Zii, hapo unadanganya. Ati "yule mathe ndiye aliua hii kazi." Uliandika hivyo kwa listi yetu ya imeili wiki jana, na watu watatu wakaitikia kama kwaya, ati tukitoa kitabu upya, kwa ile peji ya majina ya waliojitolea, jina yake isirudi. Na wewe umejiunga juzi. Hujawahi kumuona. Hujawahi kukalia mikono yako mbele yake ukitoka jasho. Basi kaa hapo unisikize, na usinikatize, kwa sababu mimi hushika moto haraka, na nikishika moto sijui kuomba pole.

Sisi tulimwita Secretary. Ndiyo kazi alikuwa amefanya maisha yake yote, kupiga taipu kwa ofisi moja ya serikali hapa tao, mjini, mpaka wakamstaafisha. Alizaliwa wapi, watoto wake ni wangapi, usiniulize. Alikuwa anaishi Woodley, nyumba ya council yenye geti ya kijani, na hiyo ndio yote alitaka tujue. Ukimuuliza zaidi alikuwa anakwambia, "Wewe umekuja hapa kuandika ama kuposa?"

Kwa wale hawajui tulikuwa tunafanya nini: kuna hizi programu za kompyuta za bure, hazina mwenyewe, unachukua, unatengeneza, unapatia mwenzako. Programu zilikuwa bure lakini maelezo yake yalikuwa kwa Kizungu, tena kile Kizungu cha kukutisha. Sisi tukasema tutaandika kitabu ya maelezo kwa Kiswahili. Mwalimu apewe kompyuta kuukuu ya msaada, afungue kitabu, aiwashe mwenyewe bila kuitisha fundi kutoka tao. Kila mtu anaandika peji, anaiweka kwa mtandao, mwingine anarekebisha. Hakuna mtu analipwa. Jumamosi tunakutana Parklands, kwa chumba ya kompyuta yenye college moja ilikuwa inatuazima.

Mimi ndiye nilimleta. Ama niseme ukweli, alijileta akinifuata kunigombeza.

Nilikuwa nafanya kwa cyber moja, duka la intaneti, Tom Mboya Street. Kompyuta sikusomea mahali. Nilijifunza hapo hapo, nikifagia asubuhi kabla wateja waingie, nikifungua hii, nikiharibu ile, nikirekebisha kabla mdosi, mwenye duka, afike. Secretary alikuja kuprintiwa barua ya mambo ya nyumba. Akanikuta nikiandika peji. Badala ya kungoja barua yake kama watu wengine, akasimama nyuma yangu, akasoma.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya watu, Mum. Wajifunze kompyuta."

"Watu gani? Niitie mmoja."

Nikaona huyu ananichezea. Akageuka, akamshika mteja mmoja mkono, kijana alikuwa amekuja kutuma barua ya kazi, akamkalisha kwa kiti yangu. Akatoa rula kwa mkoba, rula ya mbao, ya zamani, pembe zimeliwa. Akafunika peji yangu kwa skrini, ikabaki laini moja tu.

"Fanya venye imesema."

Kijana akakwama laini ya pili. Mimi nikafungua mdomo kumsaidia. "Wewe nyamaza," akaniambia. "Kwani utakuwa unauzwa pamoja na hiyo kitabu?"

Nilitaka kumfukuza, yeye na kijana na barua yao. Jumamosi nikafika Parklands, nikampata ameketi mbele, na boksi faili, na chupa ya chai, na rula.

Sasa hiyo rula ndio watu wanasema ilichelewesha kazi. Sikiza venye ilikuwa inafanya. Ukimaliza peji unaiprinti, unampelekea. Yeye anatafuta mtu hajawahi kufanya hicho kitu. Mara nyingi ilikuwa Soja, yule mzee wa kulinda geti ya college, kwa sababu Soja alisoma mpaka darasa la nne na hakuwa anaogopa kusema sijaelewa. Soja anawekwa mbele ya kompyuta. Rula inafunika kila kitu chini ya laini ya kwanza. Anasoma laini moja, anafanya, ndipo rula inashuka. Haruhusiwi kuangalia mbele. Na wewe mwandishi unaketi kando, mikono umeikalia, matako juu ya vidole hivi, mdomo umefunga. Soja akiuliza swali hata moja, peji imeanguka.

"Msomaji hakosi," alikuwa anasema. "Ni peji imekosa."

Ikipita, anachukua penseli, anaandika chini kabisa: Imesomwa na Soja, ameweza. Na tarehe. Peji bila hiyo laini haingii kwa kitabu. Na ukibadilisha kitu baadaye, hata koma, hiyo laini inafutwa, peji inarudi kusomwa upya. Watu walilia. Kuna mtu wa benki alirudishwa mara tano kwa peji ya kubadilisha saa ya kompyuta. Akaniambia, "Huyu mathe ni mchawi." Mara ya sita Soja aliweka saa vizuri, akaangalia ya mkono wake, akasema, "Kumbe yangu ndio imechelewa," na huyo mtu wa benki akatoka nje. Nilimfuata nikidhani amekasirika. Alikuwa anafuta macho na tai.

Usifikirie alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo mbaya. Mimi aliniita Bingwa, na haikuwa sifa. "Bingwa amefika, tusimame." Alikuwa anafungua mkutano na maombi, mazuri sana, ya kukufanya uinamishe kichwa, na kabla ya amina ipoe anakwambia peji yako inanuka. Alihubiri ati kila mtu anaweza kusoma, lakini mtu akitafuna kalamu yake anamwangalia kama ng'ombe. Rula yake hakuna mtu aligusa. Na kompyuta yenyewe hakuipenda. Nyumbani hakuwa nayo. Ile mausi ya kompyuta alikuwa anaishika na vidole viwili, kama kitu imekufa.

Nilimuuliza siku moja, "Mum, kama hupendi kompyuta, unatafuta nini hapa?"

Akakoroga chai. "Nimepigia wakubwa barua miaka mingi sana. Zingine nilijua mtu wa kule mashinani akiisoma hataelewa atafanya nini. Ataenda ofisi mbaya, na karatasi mbaya, arudishwe, auze mbuzi, arudi tena. Nilikuwa napiga tu. Ilikuwa kazi yangu kupiga." Alafu akaona nimeshangaa, akaharibu: "Funga mdomo, Bingwa, nzi."

Na kazi ilisonga, watu wasikudanganye. Kuna wakati listi nzima ilipigana wiki tatu kama tuandike tarakilishi ama kompyuta. Watu wenye digrii, wakitukanana kwa Kiswahili sanifu. Secretary akaenda kwa geti. "Soja, hii kitu inaitwa aje?" "Ni kompyuta, Mama." Akarudi. "Tuendelee." Faili ikajaa, akanunua ingine. Siku moja mwalimu kutoka pande za Kitui alituandikia imeili. Alikuwa amewasha kompyuta sita za shule yake peke yake, na mwisho wa imeili akaandika neno moja tu: nimeweza. Nilimprintia Secretary. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwa Biblia.

Shida zilikuwa zile zile za kila mahali. Mtu anaahidi peji kumi, anapata kazi, anapotea. Tulianza watu kama ishirini, tukabaki saba. Alafu Chairman akaanza haraka.

Chairman ndiye alikuwa ametuanzisha, jamaa wa ofisi kubwa, gari yake, roho yake safi, siwezi kumsingizia. Lakini aliwaahidi wageni fulani kwamba kitabu itakuwa tayari, kwa diski za CD, na nakala za karatasi, kwa mkutano kwa hoteli. Na peji kama thelathini hazikuwa na ile laini ya chini. Soja ni mmoja.

"Mum, si hii ni kazi ya wazi," Chairman akamwambia. "Ikiwa na makosa, watu watarekebisha. Ndio uzuri wake."

"Nani atarekebisha? Mwenye ameumia?"

"Hakuna mtu ataumia na peji, Mum."

Akamwangalia. Akatuangalia sisi wote. Mimi nilikuwa upande wa Chairman siku hiyo. Nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia, ati tumechoka na rula.

Mwisho wakakubaliana. Peji hazijasomwa zingebaki nje, zile zimesomwa ziingie, na Secretary aweke sahihi yake kwa kava. Akaweka. Aliamini kila peji ndani iko na msomaji wake. Na mimi, kwa sababu niko na mdomo na niko na kompyuta za cyber, nikapewa kazi ya kupanga kitabu iende kwa printa.

Hapa sasa ndipo nataka uwe makini.

Kulikuwa na peji ya kuweka mfumo mpya kwa kompyuta ya zamani. Kuna mahali unachagua "tumia diski yote", unabonyeza, na kila kitu ilikuwa kwa hiyo kompyuta inafutika, na hairudi. Kwa mtandao, juu ya hiyo hatua kulikuwa na sanduku nyekundu: Simama. Toa kwanza nakala ya kazi yako yote, ama utaipoteza. Soja alikuwa ameisoma hivyo. Alisimama, akauliza Secretary, "Sasa nikitoa nakala naiweka wapi?" Ikaanguka, ikaandikwa vizuri, akairudia. Akaweza.

Printa ya kutoa kitabu haikuwa na rangi. Sanduku ilikuwa inatoka kama doa nyeusi, maneno hayaonekani. Tena ilikuwa inasukuma laini mbili kwa peji ingine. Kwa hivyo mtu akaondoa sanduku, akachukua yale maneno, akayateremsha chini ya hatua, penye palikuwa na nafasi. Hatua ya sita: chagua tumia diski yote, bonyeza. Hatua ya saba: kabla ya kufanya hivyo, hakikisha umetoa nakala.

Na chini kabisa akaacha: Imesomwa na Soja, ameweza.

Huyo mtu alijua sheria. Hata koma. Huyo mtu ni mimi.

Sikuifanya kwa ubaya. Niliona maneno yote bado yapo, hakuna neno limepotea. Mimi nikisoma peji naiona yote mara moja, macho yanarukaruka, nilisahau kuna mtu anasoma na kidole. Na kumpelekea Soja tena ni Jumamosi ingine nzima. Nikabonyeza printi.

Mkutano wa hoteli ulikuwa mzuri. Tulipiga picha.

Kinoo kuna zahanati ndogo, hapo juu ya barabara, inaendeshwa na nesi mmoja watu wanamwita Sister. Mimi ni wa Kinoo, nilidungwa sindano hapo nikiwa mtoto. Nilimpelekea kitabu mwenyewe, na maringo, nikamwambia Sister, hii tumeandika sisi. Alikuwa na kompyuta moja nzee ikimsumbua na virusi. Ndani aliweka orodha ya wagonjwa wake: watoto wa chanjo, wazee wa presha, watu wa dawa za kifua, hii TB, nani anarudi lini. Vitabu vya karatasi alikuwa ameacha kuandika. Sisi ndio tulikuwa tunawaambia watu waache karatasi.

Akafungua hiyo peji ya mfumo mpya. Akafuata laini moja baada ya ingine. Alifanya venye Secretary alitaka kila mtu kwa dunia asome. Akafika ya sita, akabonyeza. Akafika ya saba.

Alinipigia simu cyber. Hakuwa analia. Aliniuliza tu, "Kama nimeshabonyeza, nafanya aje?" Nilifunga cyber mchana, nikaenda. Nilijaribu kila kitu najua na vitu sijui. Hakuna kitu ilirudi. Kamati ya zahanati ikamsimamisha kazi, kwa kuchezea kompyuta. Na kuna mzee mmoja wa dawa za kifua, siku yake ya kurudi ikapita, hakuna mtu alijua ni siku yake. Simu hakuwa nayo. Watu walimtafuta mpaka Muthiga. Alipatikana kwa chumba alikuwa amekodi, na jirani ndiye alisikia harufu.

Soma hiyo tena kama umeruka.

Jumamosi hiyo Parklands kila mtu alikuwa anapiga kelele. Chairman ameshika kitabu wazi kwa hiyo peji. "Nani alipitisha hii?"

Secretary akavaa miwani. Akasoma peji, na rula, laini moja moja, kama hajasikia kelele. Akafika ya sita. Akashusha rula, akaona ya saba. Alafu akainua macho, akatuangalia mmoja mmoja, na akifika kwangu hakukaa zaidi ya wengine. Nilidhani hivyo.

"Kava iko na sahihi ya nani?" akauliza.

"Yako, Mum."

"Basi."

Hiyo tu. Mtu mmoja akasema rula yote ilikuwa maonyesho. Mwingine akasema ametuchelewesha miaka na bado ametuua. Na mimi, mwenye mdomo, mimi wa kugombana na konda, na polisi, na mdosi, mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu. Hata hakuna mtu alikuwa amenikalisha.

Wiki iliyofuata jina yake ikatolewa kwa peji ya waliojitolea. Ilipigiwa kura kwa listi. Sikupiga. Nilijiambia kutopiga ni kumtetea. Bila yeye hakuna mtu alisoma peji ya mwingine, kila mtu akaweka yake tu, na baada ya miezi kadhaa hakuna mtu aliweka. Hivyo ndivyo kazi ilikufa, kama ulitaka kujua. Mpaka nyinyi mkaja kuifufua.

Nilikaa mwaka mmoja. Alafu mwaka huu, Alhamisi moja mchana, nikaenda Woodley. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikiongea peke yangu Ngong Road kama mwendawazimu.

Geti ilikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwa meza, na taipureta, na rundo la kadi. Kadi za kliniki. Zile ndogo mama hupewa, zingine zimelowa, zingine mtoto amechora na kalamu. Amezeeka kwa huo mwaka mmoja venye watu huzeeka kwa kumi.

"Bingwa," akasema. Hakusimama. "Toa hiyo paka kwa kiti, ukae."

Alikuwa anaenda Kinoo kila wiki. Nyumba kwa nyumba, na Sister, wakiomba watu kadi zao. Anakuja nazo, anapiga orodha upya, siku ya nani ni gani, anarudisha. Mimi naishi huko Kinoo na sikuwahi kujua, kwa sababu tangu hiyo siku nilikuwa nazunguka zahanati na njia ya nyuma.

Nikasema, "Mum, ile peji."

Akanyoosha mkono kwa boksi faili, bila kutafuta, akatoa karatasi. Ilikuwa ile ya kwanza, penye sanduku ilikuwa juu, ameizungushia mwenyewe na penseli nyekundu, na chini mwandiko wake: Imesomwa na Soja, ameweza. Akaiweka mbele yangu.

"Hii ndio Soja alisoma," akasema. "Nilienda kumuuliza hiyo Jumamosi nikitoka. Na kupanga kitabu ilikuwa kazi ya nani?"

"Ulijua."

"Aiya. Miaka yote hiyo napiga barua za watu, nisijue mkono wa mtu?"

"Na hukusema kitu."

Akaingiza karatasi kwa taipureta, akaizungusha, akaipanga na rula. "Nilikuwa nimekalia mikono," akasema. "Nikiangalia kama utaweza."

Nilingoja aendelee. Aniambie ni sawa, mimi ni mtoto, yaishe. Akanisukumia rundo la kadi. "Soma. Jina, kijiji, tarehe. Polepole, usirukeruke kama mbuzi."

Nikasoma, akapiga, mpaka saa kumi na moja. Tulipofika watu wa dawa za kifua, kwa orodha yake kulikuwa na laini moja yenye jina tu. Haikuwa na kadi. Akanionyesha na kidole nisome hiyo pia. Nikasoma.

Nikisimama kutoka ndipo nikaangalia ukuta. Kulikuwa na kalenda ya kanisa, cheti chake cha taipu, na katikati, kwa fremu, ile peji yetu ya zamani ya majina ya waliojitolea. Yeye, mwenye alikuwa anatucheka tukigombania nani aandikwe kwanza. Jina yake iko chini, karibu mwisho, amepiga mstari chini yake na rula. Aliniona nikiangalia. Akainamia mashine, akaanza kupiga tena, haraka, na karatasi haikuwa ndani.

Kwa hivyo sasa umejua, na listi yote imejua, hii naituma kwa wote. Jina yangu bado iko juu kwa hiyo peji, ya tatu, mmeiacha muda huu wote bila kuuliza. Sasa niambie: unatoa yake ama yangu?